Toleo la Tano

Kamera ilikuwa ya chuo, tuliisainia kwenye daftari:
betri mbili, moja mgonjwa,
na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Kazi ya muhula, filamu ya hali halisi, dakika nane,
alama thelathini.
Sechelela akasema, twendeni Kongwa tukamsake mzimu.

Kuna nyumba kule, nje kidogo ya mji.
Mabati yamekwenda, milango imekwenda,
imebaki sakafu na bomba lisilotoka popote.
Wanasema mzungu wa karanga hurudi kuhesabu magunia,
magunia ambayo hayakujaa hata alipokuwa hai.

Tukakesha, usiku mmoja wa Julai,
na upepo ule usiojua hodi.
Ramla kajifunga kanga mbili juu ya sweta,
Chidawali kashika taa.
Hakuja mtu.
Bundi. Mbuzi wa jirani, amepotea au anatembea tu.
Halafu saa tisa na dakika kumi na mbili
kitu kikavuta pumzi.

Toleo la kwanza nikalishindilia makelele:
mlango unaolia,
kicheko cha mdogo wangu nilichokivuta polepole
mpaka kikazeeka.
Darasa likapiga ukunga, mtu akamwaga soda.
Mwalimu Nhonya alikuwa anafuta miwani.
"Nyumba haina milango," akasema. "Huo mmeutoa wapi?"

Toleo la pili tukang'oa mlango,
tukamweka Mama Foibe, mkaanga karanga wa barabarani.
"Mbukwenyi," anaiambia kamera, kama kamera ni wageni.
"Mzimu? Mimi kuni zangu naokota humo humo.
Kama yumo, basi mvivu,
hajanitwisha hata siku moja."
Sechelela alitaka nimkate. Anaua hofu, alisema.
Nikamkata. Nikamrudisha. Nikamkata tena.

Toleo la tatu silizungumzii.

Kisha karatasi ikabandikwa mlangoni kwa mhasibu,
majina ya wanaodaiwa ada,
na Chidawali akasema anakwenda kwao Mvumi mara moja
kuongea na baba habari ya ng'ombe.
Aliacha ndala zake chini ya kitanda,
kwa hiyo tulijua anarudi.

Toleo la nne lilirudi na wino mwekundu:
*Safisheni sauti. Dakika ya nne, kivuli cha mshika taa, ondoeni.*
Nikakaa maktaba na spika za masikioni,
na ndipo nikamwona.
Kidole chake pembeni mwa picha.
Kivuli chake ukutani, kirefu, kimeinama
kama mtu anayetafuta sarafu.
Na ile pumzi ya saa tisa
ni kifua chake, kile kinachopiga mluzi kikikutana na vumbi.
Tulikuwa tumelala naye bweni moja mwaka mzima
na sikukitambua.

Kompyuta, ili ifute uchafu wa sauti,
inataka kwanza uionyeshe kimya kilivyo,
sekunde mbili tu, ijifunze.
Nikautafuta usiku mzima wa Kongwa.
Hakuna.
Kila penye kimya, yumo, anapumua,
ameshika taa ili sisi tuonekane.

Sechelela akaja, akasikiliza, akavua spika.
Hatukuongea.
Akamrudisha Mama Foibe kwa mkono wake mwenyewe,
akaandika mwishoni, herufi nyeupe:
*Taa: Lazaro Chidawali.*
Ofisi ikasema jina hilo halipo kwenye rejista.
Tukaliacha.

Tulipata ishirini na sita.
Mbili zimekatwa kwa kivuli,
mbili kwa pumzi.
Ramla alimtumia filamu kwenye simu usiku ule ule.
Tiki moja, ya kijivu.
Naichungulia mpaka leo.