Ukawaka

Siiri ana miaka sita na maswali sitini.
Amekishika kiganja changu cha kushoto,
anavihesabu vidole: kimoja, viwili, vitatu.
Anarudia. Hesabu inakataa.
"Babu, vingine umeviweka wapi?"

Nje theluji imefika dirishani.
Hilja anachochea jiko, hageuki;
mgongo wake unasikiliza.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi.
Kwa karani wa bima, mistari mitatu:
tarehe, mashine, vidole viwili.
Kwa wanaume wenzangu, uchi katika mvuke wa sauna,
nilitia chumvi hadi damu ikaruka darini
na mbwa wa msimamizi akatoroka na kidole.
Hapakuwa na mbwa.
Kwa Hilja nilipunguza. Niliacha ukelele,
nikaacha kwamba jina nililoita
lilikuwa la mama yangu, si lake.

Sasa huyu. Nimpimie kwa kibaba gani?
Naanza na harufu: msonobari mbichi,
kiwanda kando ya Mto Kemi, barafu inapasuka.
Nataja supu ya njegere, maana ilikuwa Alhamisi.
Nataja glavu iliyolowa,
gome lililokwama, nilivyoinama kulichomoa,
mashine imezimwa,
nimeizima mwenyewe, nina hakika.

Halafu
hapa ndipo ulimi hujikwaa, miaka yote hii.

"Msumeno ukawaka," nasema.
Ukawaka. Kama nyota, kama moto wa porini,
bila mwenyewe.
Ningesema *ukawashwa*,
ingebadilika silabi moja tu, ile ya mwisho,
na Siiri, asiyeacha kitu kipite,
angeuliza: na nani?

Huko uani Onni anapanga kuni zetu.
Kila majira ya baridi huja, tangu mwaka ule,
hapokei senti, haingii ndani kunywa kahawa.
Alikuwa na miaka kumi na minne,
amevaa kofia ya kaka yake, imemfunika macho.
Hilo la kofia halimo katika fomu ya bima.
Funika kombe, husemwa, mwanaharamu apite;
mimi nimelifunika, na anayepita
ni mzee mwenye mzigo wa kuni kifuani.

"Kisha?"
"Kisha nikajifunza kufunga kamba za viatu upya."
Anacheka. Hatosheki.

Hilja anamimina kikombe cha tatu.
Anavaa koti, anatoka nacho,
mlango unaingiza baridi hadi magotini petu.
Sijawahi kumwambia. Naapa sijawahi.
Dirishani namwona Onni anavua kofia,
anasimama nayo mkononi, hajui aiweke wapi
ili apokee kikombe.

Siiri ananivuta mkono.
"Babu, glavu ilikuwa ya rangi gani?"
Hilo namjibu lote, bila kubakiza:
kijivu, ya sufu, dole gumba limetoboka,
uzi mwekundu kifundoni,
na upande wa ndani, karibu na pindo,
herufi za jina langu, alizozishona bibi yako.