Paspoti Saizi

Mchana nauza nyuso.
Nne kwa elfu tatu, kitambaa cha buluu nyuma,
kibanda changu Gongo la Mboto, kati ya kinyozi na muuza vocha.
"Kidevu juu. Usicheke. Masikio yaonekane."
Wote hutoka wamefanana na watu wanaodaiwa.

Usiku napanda Pugu
na kamera niliyoinunua kwa zamu yangu ya upatu,
zamu ambayo Zubeda aliihesabu kuwa friji.
Hadi leo maziwa yakiharibika
hunitazama mimi.

Namtafuta komba.
Si yule mkubwa anayeiba mapapai ya watu;
huyu mdogo, ngumi moja ya manyoya,
mkia kama brashi ya kuoshea chupa.
Huita mara mbili, hunyamaza, huita mara mbili,
kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyokuwa na hakika nayo.
Mjini tunamjua kwa msemo wa kilabuni tu:
amelewa kama komba.
Wangapi wamewahi kumwona akiwa na akili zake?

Miezi saba.
Nimepiga tawi alilokuwa amekaa.
Nimepiga jani likirudi mahali pake.
Nimepiga mbu, kidole changu, ndege ya abiria ikishukia Kipawa.
Nina picha mia nne na kumi na mbili
za mahali alipoondoka.
Safari moja nilipata macho: nukta mbili nyekundu, gizani, zimetulia.
Zubeda akasema, "Hizo si bodaboda mbili?"
Nilinuna siku nzima. Kisha nikaikuza picha.
Zilikuwa bodaboda mbili.

Jumanne akaingia mteja wa kitambulisho,
Kondo Mwinshehe, shati limepigwa pasi.
Alikuwa ameoga, unaona kabisa ameoga,
lakini masizi yamelala kwenye mistari ya viganja,
kwenye mikunjo ya masikio, chini ya kucha.
Mkaa hautoki kwa sabuni.
Nikayakumbuka magunia yanayopita mlangoni kwangu alfajiri,
baiskeli kwa baiskeli, yameinama kama wagonjwa.
Nikakumbuka pia, niseme kweli,
maharage yangu ya jana yaliivia juu ya nini.

Nikamkalisha. Kidevu juu.
Ulimi ulikuwa umeshanolewa; yeye akatangulia,
akanyoosha kidole kwenye ukuta, kwenye tawi langu tupu:
"Ule mkongo wa karibu na machimbo ya udongo mweupe.
Ulichelewa. Magharibi wanatoka, alfajiri wanarudi tunduni.
Ule sikuukata."
"Kwa nini?"
"Una watu ndani."

Watu. Alisema watu.
Nikabonyeza hapo hapo, mdomo wake ungali wazi,
picha ambayo ofisi yoyote ingeirudisha.
Kisha nikampiga nyingine, ya sheria.

Alhamisi, kabla ya adhana, tulikaa chini ya mkongo,
mabega yetu yakigusana kwa baridi.
Hakuniambia mikongo mingine ilikuwa na watu wangapi.
Sikumuuliza.
Kitu kikadondoka kutoka juu, maganda ya tunda,
halafu tawi likapata uzito.
Akageuka. Akatukazia macho makubwa kuliko haki yake,
kidevu juu, masikio yote mawili yakionekana.
Hakucheka.

Nikazisafisha nne, saizi ileile.
Moja Zubeda ameibandika jikoni,
ukutani, pale friji lingekaa.
Moja iko ukutani kwangu, imelifunika tawi.
Moja Kondo aliitia mfukoni pamoja na zake,
akasema mama yake atauliza huyu ni ndugu wa upande gani.

Ya nne iko kwenye droo,
na nyuso ambazo wenyewe hawakuzirudia.
Juzi niliigeuza, nikaandika nyuma kama fomu inavyotaka:
Jina, komba. Makazi ya kudumu,
nikasimamisha kalamu.
Nje palikuwa panapambazuka.
Baiskeli zilikuwa zinapita.