Mwezi Usiofuata Ratiba

Mimi ni wa dirisha la tiketi, stesheni ya Tabora,
hapa reli inapogawanyika: Mwanza, Mpanda, Kigoma.
Kazi yangu ni kuwaambia watu, "Imechelewa,"
nao huniamini, hurudi kukaa juu ya madumu yao ya asali.

Miaka kumi na minne nilinyoa kidevu kabla ya adhana,
kwa mwanga wa simu, maji yakichuruzika
ili wembe usisikike.
Shangazi Nyamizi husema mwanamke mwenye ndevu ana nyota.
Nyota! Ningeiuza kwa kilo.

Daktari akaandika vidonge.
"Ni vya presha," alisema, "ila na nywele havipikiki chungu kimoja.
Subiri miezi sita. Usishike mimba ukivitumia.
Utakojoa sana. Na siku zako..."
Mlango ukagongwa. Sentensi ikabaki pale,
behewa lililokatwa.

Mwezi wa pili nikaujua mwisho wake.
Damu siku tisa, kimya siku sita,
kisha hiyo, imerudi, kama abiria aliyesahau mzigo.
Ilinikuta dirishani, foleni ya Mpanda imefika mlangoni.
Nikajifunga kanga juu ya sketi ya kazi.
Kalunde akanipokea kiti bila kuuliza.

Ramadhani ikaingia.
Hii hedhi, au istihadha?
Nikafunga, nikafungua, nikaoga, nikaswali, nikaacha,
futari ya viazi ikapoa nahesabu vidole.

Nami ni mtoto wa Unyamwezi,
nchi yenye mwezi ndani ya jina!
Tangu darasa la sita nilikwenda mwezini nikiijua njia.
Sasa mwezi ndio unaonijia mimi,
usiku wowote,
bila honi.

Nikarudi kliniki na daftari la stesheni,
upande mmoja treni, upande wa pili mimi.
Daktari akafuata mistari kwa kalamu,
akapunguza dozi, akaongeza kidonge cha kupanga siku.
"Mbona hukusema mapema?"
Swali hilo nilikuwa nimemletea yeye.

Leo siku ya nne sijashika wembe.
Kidevu kina vijinywele laini, kama vya mtoto,
na chini, tone. Dogo. Labda la mwisho, labda la kwanza.

"Dada, inaingia saa ngapi?"
Mzee ameegemea dirisha, tiketi mkononi.
Nafungua mdomo kusema saa.
"Sijui, baba," nasema. "Kweli sijui.
Lakini naandika kila inapofika."