Prufu ya Pili

Nasoma prufu kwa kalamu nyekundu, Kiusa,
ghorofani, juu ya duka la pembejeo.
Mashine chini inakohoa wino.
Riwaya ya upelelezi, kurasa mia mbili na sita.
Mwandishi: Kisanga, inspekta mstaafu,
mtu wa suti ya kaki na peremende mfukoni,
aliyesema akicheka: Binti, hadithi tu hiyo,
ya enzi zile za foleni.

Enzi zile. Sabuni mche mmoja kwa nyumba,
sukari ikifichwa kama dhambi,
na Landrova isiyo na namba
ikipanda Kibosho usiku, taa zimezimwa.

Hadi ukurasa wa mia nilikuwa nafuta mikato tu.
Nikaondoa h kwenye “hakiba”.
Kisha sura ya tisa: maiti ndani ya mfongo,
kifua kimekinga maji,
maji yanatafuta njia nyingine kwenda migombani.
Koti la kijivu. Kifungo cha tatu
kimeshonwa kwa uzi mweusi.

Kalamu ikasimama.

Baba aliondoka na koti la kijivu.
Kifungo cha tatu mama alikishona jioni ile ile,
uzi madukani hakuna,
akauchomoa kwenye kitambaa cha meza.
Walimwita mhujumu: magunia mawili ya sukari
stoo ya ushirika, na saini isiyo yake.
Mwili hatukuletewa. Tulizika kofia,
kaburi la urefu wa mtu,
majirani wasije wakauliza.

Mama hakuwahi kukitaja kifungo,
si kwa mchungaji, si kwa shangazi Ndealilia.
Mimi ndiye niliyeshika kibatari.
Walioujua uzi ule tulikuwa wawili,
na baba,
na yeyote aliyeinama karibu vya kutosha.

Kwenye riwaya muuaji hajulikani.
Mpelelezi anazeeka, jalada linaliwa na mchwa,
“taifa lilikuwa na mambo makubwa zaidi.”
Sentensi hiyo haina kosa la sarufi.
Nimeikagua mara nne.

Saa kumi na moja meneja anauliza: Tayari?
Bado moja, nasema.
Kwa mwanga wa tochi, uzi wa kijani huonekana mweusi.
Nakata “mweusi”.
Pembeni, kwa mwandiko wangu wa shule, naandika:
wa kijani.
Nabandika kikaratasi: Mwandishi athibitishe,
na jina langu lote,
mpaka la baba.