Penye Dirisha

Fomu imefika Wete kwenye simu ya mjukuu,
tukaichapisha dukani kwa Shaame, kurasa nne.
Siku saba melini, kaskazini kwenye barafu,
kisha siku nne nchi kavu, kwa treni, msituni kwa dubu.

Faki kavaa miwani yangu, anauliza:
huko jua lisikotua, magharibi tutaiswali saa ngapi?
Na dubu huyo, ana adabu kama popo wa Ngezi,
anayening'inia kutwa asimuulize mtu jina?

Tuanze bahari au tuanze bara?
Bahari, asema, tukitapika tupone kwenye treni.
Bara, nasema, magoti yangu
yana mafuta ya wiki moja tu.
Tulibishana hadi uji ukashika ngozi.

Ukurasa wa tatu: chumba cha ndani, bei hii.
Chumba chenye dirisha, bei hii na nusu yake.
Faki akapiga hesabu kwa pishi za karafuu:
shamba zima la Mtambwe, msimu mzima,
kwa kioo kisichofunguka!
"Barafu utaiona juu, sitahani, bure."

Sikumjibu.
Miaka thelathini na moja nimehesabu vidonge
stoo ya hospitali, kuta nne na taa,
mvua nikiijua kwa nguo za wagonjwa mlangoni.

Nikachukua kalamu.
Bara au bahari mwanzo, nimemwachia yeye.
Penye dirisha nimetia alama,
wino ukapenya hadi ukurasa wa nne.