Kidole cha Pete

Effie Geddes ana miaka sabini na minne.
Anaishi Dundee, ghorofa ya pili, mtaa wa mteremko
ambao miguu yake inaujua jiwe kwa jiwe.
Haoni. Hasikii. Kubisha hodi ni kazi bure:
nabonyeza kitufe, feni inampulizia shavuni,
naye anajua ni Jumanne, yule wa Tanga amefika.

Ananipa kiganja cha kushoto kama daftari.
Gumba ni *a*. Cha shahada ni *e*. Cha kati *i*,
cha pete *o*, na *u* ni kile kidogo cha mwisho.
Siku ya kwanza nilimwandikia: kwetu neno,
liwe la tusi au la sala,
huishia kwenye ncha ya kidole.
Alicheka hadi meno ya bandia yakacheza.
"Basi mlinitungia mimi," akasema
kwa sauti ambayo mwenyewe hajaisikia
tangu ana miaka tisa.

Leo anataka kusimulia wapenzi.
"Usiniandike mtakatifu," ananionya.
"Watu wakimwona kipofu
hudhani amekufa toka kiunoni."

Wa kwanza Fergus, mpaka mafuta wa mitambo
kule kiwandani alikoshona magunia,
sakafu ikitetemeka, ikimpanda hadi magotini.
Fergus alikuwa mbovu wa tahajia.
Mwaka mzima alimwandikia *nakupeda*,
naye hakumsahihisha.
Nani husahihisha mvua?
Kisha Kanada. Kisha barua za wino.
"Za wino! Dada yangu Netta alizisoma kwanza,
akanimegea alichotaka.
Ya mwisho alisema imepotea.
Kidole kikiongopa hutoka jasho."

Wa pili, wiki tatu, Arbroath,
harufu ya samaki wa moshi na sufu iliyolowa.
Jina hataji.
Mkewe yu hai, na duka lao la mboga ni moja.

Halafu Tam Rennie, mwoka mikate,
miaka kumi na tisa ya ndoa.
Viganja vyake vilipasuka kwa unga,
vilikuwa vya moto hata Januari.
"Tukigombana alitia mikono mfukoni.
Hapo ndipo nilipokuwa kiziwi kweli.
Nami nikikasirika nilifumba kiganja,
aseme na ukuta."

Ananyamaza. Chai inapoa.
Najua kinachokuja; ameshanisimulia mara mbili,
na kila mara huanza na theluji.

Ilikuwa alfajiri. Tam amerudi kulala kidogo,
mikate iko tanurini huko chini.
Akaushika mkono wake gizani
(gizani, anasema, na kucheka: giza la Tam).
Kidole kimoja katikati ya kiganja.
Kisha cha pete.
Kisha basi.

"Nikangoja. Mkono ulikuwa bado na joto.
Nilidhani anatafuta neno. Nikangoja."

Kwa Kiingereza, ananieleza,
upendo huanza na herufi hizo mbili.
Mkate mzima nao huanza hivyo hivyo.

*Iliungua?* namwandikia.
"Yote. Jengo zima lilinuka mwezi."

Sasa kuna mzee mmoja, Mutch, wa Alhamisi,
anayecheza dansi kwa visigino ili sakafu imfikishie Effie.
"Mikono yake ikoje?" ananiuliza.
Najibu sikuitazama.
"Nyinyi wenye macho," anasema, "hasara tupu."

Kabla sijavaa koti ananyosha tena kiganja.
Nipe neno la kwenu lenye *o*.
Namwandikia *moyo*: vidole vitatu kiganjani,
cha pete, penye uma wa gumba,
kisha cha pete tena,
palipobaki mfereji ingawa pete haipo.

"Rudia."
Narudia.

"Na mkate?"
Naandika polepole. Naishia cha shahada.

Anakunja vidole, anavihesabu kwa gumba.
"Afadhali," anasema.
"Kwenu ningejua."