Mwezi wa Saba Huitwa Sita

Valdivia, mvua ya siku ya tisa mfululizo.
Ghorofa ya chini ya hospitali, jirani na pampu,
Ximena Antillanca anachuja watu.

Si kwa kifumbu, si kwa kitambaa:
kwa mstari mmoja wa msimbo,
mkononi kikombe cha yerba
na mrija wa chuma wenye chujio lake chini.

Wagonjwa elfu tatu mia nne na kumi na wawili,
kila mmoja ndani ya mabano yaliyopinda
kama aliyejikunyata kwa baridi:
jina, simu, kliniki, tarehe.
Ameiambia mashine: nipe wa Julai tu,
kuanzia siku hii, kabla ya ile.
Mashine inapita mlango kwa mlango
ikiuliza kila mtu swali lilelile.
Inajua ndiyo, inajua siyo.
Haijui labda,
haijui ngoja nikavae viatu.

Mengine alikwisha kuyajua kwa kuumia.
Kwamba tarehe iliyoandikwa kama neno
hupangwa kama neno,
na tisa humpiga kumbo kumi
kwa kuwa kumi ametanguliza moja yake, mnyonge.
Kwamba miezi huanzia sifuri:
Januari haina kitu, Julai ni sita.
Hili mimi halinishangazi.
Kwetu akrabu ikilala kwenye saba twasema saa moja,
na hajachelewa mtu kwa sababu hiyo,
ila wageni.

Orodha ikatoka: mia mbili themanini na tisa.
Barua zikachapwa. Akaenda kulala.

Tarehe mosi, alfajiri,
akaingia don Eleuterio Huenumán, mpasua kuni wa Paillaco,
koti limelowa hadi bitana.
Binti wa mapokezi akashuka na kidole, akapanda nacho.
"Hukuandikwa, don Eleuterio."
"Nimeandikwa."
Akatoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni
uliofungwa kwa uzi wa kushonea magunia.
"Na maji hayajaifuta."

Wakamwamsha Ximena.
Alimkuta palepale alipokuwa siku zote,
mstari wa elfu moja mia tisa na saba:
jina; simu, hana; figo;
mwaka, mwezi, siku, na vistari katikati.
Saa, hakuna.

Hapo ndipo.
Siku isiyo na saa
mashine huiazimia saa ya Greenwich,
sita kamili za usiku wa huko,
na usiku wa manane wa Greenwich
ni saa mbili Valdivia,
jana yake,
watu wanakunywa supu ya kome, Juni haijaisha.
Mzee alifika Julai kwa miguu yake.
Chujio lilimwona angali mezani, Juni,
kijiko mkononi.

Alitukana mara moja, polepole.
Akarekebisha: maneno mawili na koma.
Kisha akawatafuta wa tarehe mosi wote
waliopenya matunduni tangu Machi.
Kumi na tisa.
Akawapigia simu mmoja mmoja, kwa mdomo wake,
mashine imezimwa kioo.
Wa nne alikuwa wa Aprili.
Alipokea mwanamke aliyekuwa akitafuna kitu.
"Mama?" akasema. Akamaliza kutafuna.
"Mama hana haja tena, señorita. Asante kwa kukumbuka."

Ximena alikaa na simu sikioni
hata baada ya mlio kukatika.
Mbele yake orodha ya kwanza, ile nzima,
ambayo hakuna chujio linaloigusa:
mama yule bado yumo,
kati ya mabano yake,
na tarehe yake sahihi.

Yerba ilikuwa imepoa.
Juu, ghorofa ya tatu, don Eleuterio amevua viatu.
Damu yake inatoka kwa mrija mmoja,
inapita kwenye chujio la saa nne,
inarudi kwa mrija wa pili.
Anaitazama kwa mashaka,
anahesabu.